Njia za miguu za Wales, na msitu wetu wa Magamba

Tangu nirudi Lushoto kutoka Wales watu wananiuliza mambo mawili: kazi na baridi ya kule. Nawajibu, maana wana haki ya kuuliza, lakini moyoni nangoja mtu aniulize habari za msitu. Mpaka leo hajatokea. Basi naandika mwenyewe.

Niliishi Cardiff, mji mkuu wa Wales. Wengi wetu tukisema Uingereza tunafikiria London, na Wales tunaijua kwa mpira tu. Ni nchi ndogo ya milima, mvua na kondoo, yenye lugha yake inayofundishwa shuleni na kuandikwa kwenye vibao vya barabarani pamoja na Kiingereza. Nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, zamu za mchana na za usiku, na siku za mapumziko nilikuwa nalala tu. Walionitoa ndani ni majirani zangu, mzee mmoja mchimba makaa ya mawe mstaafu na mkewe. Vumbi la mgodi lilikuwa limemharibu kifua, na daktari alimwambia atembee kila wiki. Siku moja mama yule akanigongea mlango, akaniambia nivae viatu vya kukanyagia tope. Tukapanda basi mpaka Rhiwbina, kisha kwa miguu hadi Coed y Wenallt, msitu ulio juu ya mji upande wa kaskazini.

Kilichonishangaza kwanza ni njia yenyewe. Ilipita ukingoni mwa shamba la mtu, ikakatiza malisho ya kondoo wake, ikavuka uzio kwa kingazi cha mbao, na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi. Mzee akanionyesha mshale wa njano uliopigiliwa kwenye nguzo. Njano ni njia ya mwenda kwa miguu. Buluu ni ya miguu, farasi na baiskeli. Ardhi ni ya mwenye shamba, lakini haki ya kupita ni ya kila mtu, na mwenye shamba akiziba njia anavunja sheria. Tangu sheria ya 1949 halmashauri zilitakiwa kuchora ramani za njia hizo zote ili zisipotee, na sheria nyingine ya 2000 ikafungua hata milima na nyika zisizolimwa. Nchi nzima ya Wales ina njia za namna hiyo zenye urefu wa kilomita zipatazo 33,000. Tangu 2012 iko pia njia inayofuata pwani yake yote, kilomita 1,400, mtu akiwa na miguu na muda anaimaliza.

Nimeieleza habari ya njia kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha. Mimi ni mtoto wa Usambara, nimekulia kando ya msitu, lakini kwetu mtu anaingia msituni akiwa na shughuli: kuni, dawa, maji, ng'ombe aliyepotea. Kuingia kutembea tu, ukasimama kumsikiliza ndege, ukatoka mikono mitupu, hilo sikuwa nimelifanya. Kule nilikutana na bibi wa miaka themanini na zaidi wakipanda mlima na fimbo, watoto wa chekechea wakipekua majani makavu kutafuta wadudu, vijana na mbwa wao. Kila tuliyepishana naye alisalimia. Mjini Cardiff ungeweza kukaa ndani ya basi saa nzima bila salamu, lakini njiani msituni watu wale wale wanakuwa wengine.

Mwishoni mwa Aprili mzee na mkewe wakanirudisha Wenallt kuona maua ya blubeli. Nimejaribu kumweleza mama yangu na nimeshindwa. Chini ya miti yote, mpaka macho yanapoishia, ardhi inakuwa ya buluu iliyokolea, na harufu yake ni tamu bila kukera. Yana sababu ya kuchanua wakati ule. Miti ya kule, mialoni na biichi, inapukutisha majani yote kabla ya baridi kali na kuchipua upya mwezi wa Aprili na Mei. Katikati pana wiki chache ambapo jua limeshapata nguvu na paa la msitu bado liko wazi. Blubeli huutumia mwanya huo: yanachanua, yanajiwekea chakula ardhini kwenye vitunguu vyake, na majani ya miti yakishafunga kivuli yenyewe yamekwisha kazi. Ndiyo maana watu wanaombwa wasitoke njiani kwenda kupiga picha. Jani lililokanyagwa halitengenezi chakula, na mwaka unaofuata hapo panabaki kipara. Kuyang'oa ili kuyauza ni kosa kisheria. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya blubeli zote za dunia ziko katika visiwa vile, na wenyewe wanalijua hilo na kulionea fahari.

Kiangazi cha kule kina ndege wetu. Siku niliyomsikia kekeo kwenye mialoni ya Wales ya kati nilidhani ni saa ya ukutani ya mtu, zile zinazolia kwa sauti ya ndege huyo. Tangu 2011 wataalamu wa ndege wa Uingereza wamekuwa wakiwafunga kekeo vifaa vidogo vya setilaiti, wakiwemo wa Wales, ili wajue wanakokwenda. Wanakaa Ulaya wiki chache tu za kutaga mayai kwenye viota vya ndege wengine, kisha wanavuka bahari na Sahara na kumalizia katika misitu ya bonde la Kongo. Sehemu kubwa ya maisha yao iko Afrika. Hata mbayuwayu waliokuwa wakiingia na kutoka kwenye mabanda ya kondoo kule ni wa aina ile ile tunaowaona huku wamejipanga kwenye nyaya za umeme kuanzia vuli. Mama yule alikuwa akiandika kwenye kalenda ya jikoni siku anapomwona mbayuwayu wa kwanza. Nilipomwambia kwamba miezi yao ya baridi ndiyo miezi ambayo sisi tunawaona, akakaa kimya, halafu akaniuliza kama tunawatendea vizuri.

Nije kwa mwewe. Kwetu mwewe akionekana, watoto wanapiga kelele na kuku anakusanya vifaranga. Kule pana mwewe mwekundu mwenye mkia wa panda, na huko nyuma watu walimwona mwizi vile vile, wakampiga risasi na kumtegea sumu mpaka akatoweka kabisa England na Scotland. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilibaki jozi chache tu katika mabonde ya Wales ya kati. Kilichomwokoa ni watu wachache waliolinda viota mwaka hadi mwaka dhidi ya wezi wa mayai, pamoja na wafugaji waliokubali ndege huyo akae kwenye miti yao. Leo Wales ina jozi zaidi ya 2,000. Nilikwenda Bwlch Nant yr Arian, karibu na Aberystwyth, ambako mwewe hao walikuwa wakitupiwa nyama alasiri kando ya ziwa. Walishuka wengi kiasi kwamba anga lilijaa mbawa, na mzee aliyesimama karibu nami alisema utotoni mwake angetembea siku nzima ili amwone mmoja.

Katika milima hiyo hiyo, kati ya 2015 na 2017, waliletwa kutoka Scotland wanyama 51 wa jamii ya kicheche, wanaoishi mitini, wenye koo la rangi ya malai. Katika Wales walikuwa wamebaki kidogo mno hata kuwaona ikawa kama hadithi. Sikubahatika kumwona hata mmoja. Niliona kinyesi chake juu ya jiwe, na aliyenionyesha alifurahi mno.

Nasema haya nikijua kwamba Wales ni nchi iliyopoteza misitu yake. Ni asilimia 15 hivi tu ya ardhi yao yenye miti, na sehemu kubwa ya hiyo imepandwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na upungufu wa mbao, na migodi ya makaa ilihitaji nguzo za kushikilia paa, hivyo mwaka 1919 ikaundwa Tume ya Misitu na milima ikapandwa misonobari na jamaa zake kutoka nje, hasa misprusi ya Sitka ya Amerika Kaskazini. Ukiingia humo ni giza, hakuna ua chini, ndege ni wachache. Mtu aliyeona miwati na mikaratusi yetu anaelewa mara moja. Halafu yakaja magonjwa. Mwaka 2010 ugonjwa wa miti ya lachi uligunduliwa Wales, na 2012 ule wa miti ya ashi ukaonekana Uingereza. Msitu wa Fforest Fawr, nyuma ya ngome ya Castell Coch karibu na Cardiff, ulikatwa lachi zake zote zilizougua, na njia zikafungwa kwa miezi mingi. Wazee niliokuwa nikiwahudumia, ambao wengine hawakuwa wametoka kitandani kwa muda mrefu, walikuwa wakiniuliza: wamefika wapi kukata? Pale ndipo nilipoona njia imefanya nini. Watu wale walikuwa na huzuni juu ya msitu kwa sababu miguu yao iliujua.

Safari niliyoipenda kuliko zote ni ya Coed Ganllwyd, karibu na Dolgellau kaskazini. Ni msitu wa mvua, wa baridi, kipande kidogo kilichosalia. Mialoni imepinda, magome yamevaa kuvumwani na makangaga mpaka kwenye matawi, maji yanateremka kwenye maporomoko ya Rhaeadr Ddu na hewa yote ina unyevu. Nilisimama pale nikapata kizunguzungu cha kumbukumbu. Ilikuwa Magamba. Ukungu ule ule unaokuja saa tisa alasiri ukafunika miti, ndevu zile zile za kijivu zikining'inia, ubaridi ule ule unaopenya koti. Pale nilifanya uamuzi wa kurudi, ingawa kazi na nauli vilinichelewesha.

Mwanangu alizaliwa Cardiff. Wales ina mpango tangu 2008 wa kupanda mti kwa kila mtoto anayezaliwa au kuasiliwa nchini humo, na tangu 2014 wakaongeza mti wa pili kwa kila mtoto, unaopandwa Mbale, mashariki mwa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Cheti chake tumekuja nacho. Ameshamwuliza bibi yake kama kutoka Lushoto mti wa Mbale unaonekana. Bibi akamwambia aule kwanza wa hapa nyumbani, akamkatia peasi.

Wiki ya pili baada ya kufika nilimwomba mjomba anipeleke Magamba. Akauliza, "Unatafuta nini?" Nikamwambia kutembea. Akaniangalia kwa muda, akachukua panga, tukaenda. Ndugu zangu, sikuwa najua tulicho nacho. Mjomba anajua kila mti kwa jina la Kishambaa na kwa gome lake, upi wa tumbo, upi wa mzinga, upi haukatwi kwa sababu uko juu ya chemchemi. Mbega walikuwa juu yetu na mikia yao meupe. Tulimsikia hondohondo kabla hatujamwona. Katika milima hii ya Usambara Magharibi yupo ndege mdogo wa kahawia ambaye haishi mahali pengine popote duniani. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta, na vijana wa mjini kwetu, umbali wa kupanda bodaboda, hawajawahi kuingia humo hata siku moja. Mtoto wa Cardiff anapelekwa msituni na mwalimu akiwa na miaka minne. Wa kwetu anaambiwa asiende.

Najua kuna sababu. Msitu ni wa hifadhi, una wahifadhi wake na taratibu zake, na yapo maeneo ambayo ni vizuri kabisa yasifikiwe na mtu. Wala sisemi tuige sheria ya Wales ilivyo. Mashamba yetu ni madogo, mtu hawezi kuachia njia katikati ya robo eka ya viazi. Lakini njia za zamani zipo. Bibi zetu walikuwa wakizipita kwenda gulioni kijiji cha pili, na nyingi zinafungwa na magugu kwa kuwa siku hizi tunapanda gari. Zikifa, hata majina ya miti iliyokuwa kando yake yanakufa, kwa sababu mjomba hawezi kunifundisha mti akiwa amekaa sebuleni. Alikuwa akikumbuka jina kila tulipofika kwenye mti wenyewe.

Tumeanza na njia moja, kutoka pembeni mwa kijiji hadi mahali msitu unapoanza. Nimekwenda kwa bwana misitu na kwa kamati ya maliasili ya kijiji, na kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyechangamka kuliko wote. Bwana misitu hana pingamizi na alama za rangi kwenye mawe, ila hataki msumari kwenye mti hai, na nakubaliana naye. Kinachotukwamisha ni kona moja karibu na chemchemi. Mjomba anataka njia ipite juu ili maji yasichafuliwe, mwalimu anataka ipite chini kwa sababu juu kuna mteremko mkali na watoto wa darasa la kwanza watateleza masika. Wote wawili wana hoja. Kikao kingine ni baada ya kuvuna viazi, na wanakamati wamekubali kwamba hakitafanyika ofisini. Tutakutana kwenye kona yenyewe.