Jinsi Nilivyoifufua Pasaka ya Nyumbani kwa Bibi, Rungwe

Pasaka zote za utoto wangu nilizisherehekea nyumbani kwa bibi mzaa baba, wilayani Rungwe, katika kijiji kilichoegemea mlima, ambako migomba hufika hadi mlangoni na mvua ya masika hushinda na kukesha. Sisi tuliishi Mbeya mjini, mwendo wa kama kilomita 70, na kila Alhamisi Kuu baba alitupakia kwenye basi dogo la kwenda Tukuyu tukiwa na mchele wa Kyela, sukari, sabuni na nguo zetu mpya zilizokunjwa ndani ya kanga ili zisichafuke. Bibi alikuwa na watoto saba, na wote saba walikuja na watoto wao. Usiku tulilala mzungu wa nne juu ya mikeka, miguu ya binamu mmoja kwenye kidevu cha mwingine, huku tukisikiliza mvua ikipiga bati.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku kuu ya watoto, ingawa wakati ule sikuijua kwa jina hilo. Sisi ni Wamoravian, Wakristo wa Kanisa la Moravian, na Wamoravian huipokea Pasaka makaburini. Desturi hiyo ilianza mwaka 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, vijana walipopanda kilima cha makaburi kabla ya jua kuchomoza ili kuimba juu ya ufufuo, na wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja nayo. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa lazima makaburi yawe safi. Bibi aligawa kazi tangu asubuhi akiwa amekaa kwenye kigoda, na hakuna aliyesamehewa, hata mtoto wa miaka minne, ambaye alipewa kazi ya kukusanya majani makavu. Wanaume walifyeka, wakina mama walipalilia, nasi tulipewa majivu na maganda ya mgomba tusugue misalaba ya saruji hadi herufi zilizofunikwa na ukungu zianze kusomeka. Nilijifunza kusoma majina ya ukoo wetu kwa njia hiyo, kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine. Kila jina lilipojitokeza bibi alieleza mwenyewe alikuwa nani, alipenda nini na alimwachia nani jembe lake.

Saa kumi usiku matarumbeta yalipita kijijini kuwaamsha watu. Tulitoka gizani tukiwa tumejifunika mablanketi, tukafuata taa ya chemli ya baba mkubwa, na tulipofika makaburini mchungaji aliita, "Bwana amefufuka!" Mlima wote ukaitikia, "Amefufuka kweli kweli!" Kisha yakasomwa majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Baada ya ibada kulikuwa na chai ya maziwa, magimbi, ndizi zilizopikwa na nyama, na mchana wali wa Kyela ambao harufu yake ilitutangulia njiani.

Bibi alifariki mwaka 2011. Pasaka iliyofuata tulikwenda wote, iliyofuata tukaenda nusu, na baada ya hapo kila mtu akabaki na sababu zake: nauli, kazi, mitihani ya watoto, nyumba ya bibi inayovuja. Mimi nilikuwa Dar es Salaam na sababu zangu zilikuwa nzuri kama za wengine. Lakini siku moja binti yangu aliniuliza jina la bibi yangu, nami nikashtuka kuona kwamba ana miaka tisa na sijawahi kumtamkia.

Nikaamua kuturudisha pamoja. Mwaka 2019, Pasaka ilipoangukia tarehe 21 Aprili, niliandaa mkutano wa ukoo Mbeya mjini. Nilifungua kundi la WhatsApp, nikaomba kila nyumba ichange shilingi laki moja, nikakodi ukumbi, viti, mpishi na muziki. Watu walikuja wengi na chakula kilikuwa kizuri. Hata hivyo, ilipofika saa kumi jioni ukumbi ulikuwa mtupu. Watoto walikaa pembeni na simu zao bila kujuana majina, wakubwa walizungumza na wale waliokuwa wakizungumza nao siku zote, na nyumba tatu zilizoshindwa kuchanga hazikufika kabisa kwa sababu ya aibu. Jambo hilo la mwisho liliniumiza kuliko yote, kwa sababu mimi ndiye niliyeweka kiwango kile.

Niliporudi kumwamkia shangazi, dada mkubwa wa baba ambaye bado anaishi kijijini, nilimweleza nilivyovunjika moyo. Alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, mlituita kula. Mama yangu hakuwahi kutuita kula. Alituita kufanya kazi, na tukishamaliza kazi alitupa chakula." Niliyabeba maneno hayo kwa miaka mitatu, kwa kuwa ugonjwa wa korona uliingia katikati na wazee hatukutaka kuwahatarisha.

Mwanzoni mwa 2022 nilianza upya, na safari hii sikuomba mchango wa fedha. Nilikwenda kijijini mwezi wa pili na daftari, nikatembea na shangazi kaburi kwa kaburi. Tuliandika 23: jina, mwaka ambapo ulijulikana, na alama ya kutambulisha mahali, kwa mfano "chini ya mparachichi" au "la pili kutoka njiani". Baada ya hapo nilimpigia simu kila ndugu mmoja mmoja, kwani nilishaona kwamba ujumbe wa kundi haumhusu mtu yeyote. Kila nyumba nilipatia makaburi mawili au matatu, na mtu nilimwambia hivi: "Kaburi la babu mkubwa ni lenu. Njooni na jembe na panga." Mjomba mmoja aliyekuwa hajaonekana kwa miaka minane aliniuliza kama bado kuna msalaba, na nilipomwambia umelala chini, alinyamaza kidogo, kisha akasema atakuja na saruji.

Malazi yalinisumbua zaidi. Fundi alibadilisha bati sita tu za nyumba ya bibi, majirani wa ushirika wakatuazima mikeka, na chakula nilikigawa kwa vitu: wa Kyela walete mchele, wa kijijini watoe ndizi na maziwa mgando, sisi wa Dar tulete mafuta na sukari. Aliyekuwa hana kitu alileta kuni, na kuni zilihitajika kweli.

Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Gari la kaka lilinasa kwenye tope chini ya mteremko na vijana waliokuwa hawajawahi kuonana walilisukuma pamoja. Walipofika juu walikuwa na rangi moja, na walikuwa wameshapeana majina. Tulipoanza kazi saa tisa, niligundua kosa langu. Nilikuwa nimenunua mifuko miwili ya chokaa ili tupake mawe yanayozunguka makaburi kama zamani, lakini mawe yalikuwa yamelowa kiasi kwamba chokaa ilitiririka na kuacha madimbwi meupe. Nilisimama pale na ndoo, nikiwa sijui la kufanya.

Shangazi akawaita watoto, akawaonyesha ukingo uliokatwa na maji njiani. Rungwe ni volkano, na udongo wake umejaa mawe meupe yenye matundu, mepesi kiasi cha kuelea majini. Tulipokuwa wadogo tuliyashindanisha kwenye kijito. Watoto wa mjini hawakuamini kwamba jiwe linaweza kuelea mpaka walipojaribu wenyewe. Kwa saa nzima walipanda na kushuka wakibeba mawe hayo kwenye vitenge, na jioni kila kaburi likawa limezungushiwa ukingo mweupe. Binti yangu alikuwa amepiga magoti mbele ya kaburi la bibi na ganda la mgomba mkononi, akisugua herufi kwa majivu. Sikumwelekeza, alikuwa amemtazama binamu yake.

Jirani na kaburi hilo kuna kaburi dogo, la mtoto wa kwanza wa shangazi, aliyeishi miezi minne. Sikumbuki kumsikia shangazi akimtaja kamwe. Jioni ile, mjukuu wake alipomuuliza ni la nani, alikaa juu ya nyasi zilizolowa na kumweleza yote, hadi wimbo aliokuwa akimbembelezea, na sisi tuliokuwa karibu tukaacha kazi tukamsikiliza.

Alfajiri mawingu yalikuwa yamefunguka. Pasaka hufuata mwezi mpevu, na mwaka ule mwezi ulikuwa umejaa usiku wa kuamkia Jumapili yenyewe, tarehe 17 Aprili, kwa hiyo tulitembea bila taa. Mwezi ulikuwa ukishuka magharibi na mawe meupe yalionekana tangu mbali. Mchungaji alipoita, nilisikia sauti ya baba yangu ikiitikia nyuma yangu, sauti nzito ambayo nilikuwa sijaisikia tangu utotoni. Jua lilipochomoza nyuma ya milima ya Livingstone tulikuwa bado tunaimba.

Jumatatu ya Pasaka watu waliondoka na mikungu ya ndizi na maparachichi. Nilimkabidhi shangazi daftari alitunze. Alinirudishia, akaniomba kwanza niongeze jina la yule mtoto, kwa sababu tulipopita mwezi wa pili alikuwa amenipitisha pale bila kusema kitu. Nikaandika jina la 24, na mbele yake, kwenye nafasi ya watakaolisafisha Pasaka inayofuata, binti yangu akachukua kalamu akaandika jina lake.

"Ndaga fijo," shangazi akamwambia, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kumfundisha namna ya kuitikia.