Swali Lililobaki Down House

Ukiangalia ramani utadhani kijiji cha Downe kiko jirani tu na katikati ya London, maana kimo ndani ya mipaka ya jiji. Treni ilinifikisha Bromley upesi na kwa raha. Taabu ilianzia kituo cha basi. Mabasi ya kwenda Downe ni ya kuhesabu, na lile lililoandikwa kwenye ratiba halikutokea, wala hapakuwa na mtu wa kutuambia lolote. Tukasimama, mimi na mzee mmoja mwenye mkongojo, chini ya manyunyu ya Kiingereza ambayo hayawi mvua na hayakatiki. Lilipokuja lililofuata nauli ilikuwa ileile, na radhi hatukuombwa. Lilitushusha karibu na kanisa. Kutoka pale hadi Down House, nyumba ya Charles Darwin, mwanasayansi wa mageuko ya viumbe, ni mwendo wa miguu kwenye barabara nyembamba, na kila gari lilipopita nilijibana kwenye michongoma. Langoni nikakuta kiingilio cha kuumiza. Kwa paundi zile ningekula vizuri siku mbili.

Hata hivyo ningerudi kesho.

Likitajwa suala la mageuko ya viumbe, wengi hukumbuka meli ya Beagle aliyosafiri nayo, visiwa vya Galapagos na kobe wakubwa. Safari ile ilidumu miaka mitano, 1831 hadi 1836. Katika nyumba hii Darwin aliishi kwa takriban miaka 40, tangu 1842 hadi alipofariki mwaka 1882, na nadharia yenyewe ilijengwa hapa. Chumba chake cha kazi ni cha giza kidogo, kina kiti alichokifunga magurudumu ili ajisukume kutoka meza moja hadi nyingine. Humo alitumia miaka minane akipasua na kuchunguza viumbe wadogo wenye magamba wanaoganda kwenye miamba ya bahari na matumbo ya meli.

Wazo kwamba spishi, yaani aina za viumbe, hubadilika halikuanza kwake. Mwanasayansi Lamarck alilichapisha Ufaransa mwaka 1809, na hata babu yake Darwin, Erasmus, alikuwa ameliandika mwishoni mwa karne ya 18. Kilichokosekana ni sababu ya kuridhisha. Darwin aliipata mwaka 1838, aliposoma maandishi ya mchumi Malthus kuhusu ongezeko la watu: wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kuishi, kwa hiyo mwenye nafuu ndogo tu ya maumbile ndiye anayebaki na kuacha uzao mwingi zaidi. Huo ndio uteuzi asilia. Mwaka 1844 aliandika insha ndefu, akamwachia mkewe Emma barua ya kuomba ichapishwe iwapo yeye atakufa. Kisha akanyamaza na kuendelea kukusanya ushahidi.

Bustanini kuna jiwe la mviringo, limelala kwenye nyasi, lenye chuma cha kupimia katikati. Ni mfano wa lile lililotumiwa kupima jinsi nyungunyungu wanavyopandisha udongo juu hadi jiwe linazama. Kipimo kilikuwa kama milimita mbili kwa mwaka. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote pa nyumba ile, watu wakinipita kwenda kutafuta chai. Nilivutiwa na subira ya Darwin. Mtu aliyetaka kutueleza habari za mamilioni ya miaka hakudharau milimita mbili za uani kwake.

Halafu kuna Juni 1858. Barua ilifika hapa kutoka kwa Alfred Russel Wallace, aliyekuwa akikusanya wadudu na ndege katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Wallace alikuwa ameugua homa za vipindi, zinazodhaniwa kuwa malaria, na akiwa kitandani naye akamkumbuka Malthus na kufikia wazo lilelile. Maandishi ya wote wawili yalisomwa London tarehe 1 Julai. Darwin hakuhudhuria. Mwanawe mdogo, Charles Waring, alikuwa amekufa kwa homa siku tatu kabla. Kitabu kuhusu asili ya spishi kilitoka Novemba 1859.

Watoto kumi walizaliwa katika ndoa ile, na watatu walikufa wadogo. Emma alikuwa binamu yake wa damu, na Darwin aliishi na hofu kwamba watoto walikuwa wamerithi udhaifu wa afya yake. Mwaka 1870 alijaribu hata kuwashawishi wabunge waweke swali la ndoa za binamu kwenye sensa. Walikataa.

Habari hiyo ndiyo iliyonifanya nimwendee mama mmoja mzee aliyekuwa akijitolea kuwaelekeza wageni kwenye kibanda cha vioo cha kuoteshea mimea. Nilimuuliza: Darwin alidhani mtoto hurithi vipi ugonjwa?

Alifurahi kuulizwa. Alisema wageni wengi humuuliza choo kiko wapi. Akanieleza kwamba hapo ndipo nadharia ilipokuwa na tundu. Wakati ule watu waliamini sifa za wazazi huchanganyika kwa mtoto kama maziwa yanavyochanganyika na chai, na mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin alionyesha tatizo: ikiwa ndivyo, kila sifa mpya nzuri itazimuliwa kizazi hadi kizazi mpaka ipotee, na uteuzi asilia hautakuwa na cha kuteua. Mwaka uliofuata Darwin alitoa maelezo yake mwenyewe ya urithi, nayo hayakusimama. Jibu lilikuwa limekwisha kuchapishwa mwaka 1866 na Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno aliyepanda njegere: sifa hurithiwa kwa vipande visivyoyeyukiana. Kipande kinaweza kujificha kwa mzazi na kujitokeza kwa mjukuu. Hakuna aliyelitilia maanani hadi mwaka 1900, wakati Darwin alikuwa ameshazikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Nikamwambia kwamba mimi nina mpwa mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Alivuta kiti. Nilimsimulia jinsi mtoto yule anavyolia maumivu ya mifupa usiku, na jinsi kwetu, Kanda ya Ziwa, ndugu walivyotupiana lawama kabla ya hospitali kutueleza. Dada yangu na mumewe wote wazima, hawajawahi kulazwa. Kila mmoja amebeba jeni moja la ugonjwa, yaani kipande kimoja cha urithi, na mtoto akayapata mawili. Mama yule akaniuliza kama namfahamu Anthony Allison. Nilikuwa namfahamu, kwa sababu tangu mtoto augue nimesoma kila kilichonifikia.

Allison alikulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alipima damu za watu na kuona kwamba jeni la selimundu liko kwa wingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni nadra nyanda za juu zenye baridi. Ramani ile ilikuwa ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja hukingwa na malaria kali. Ndiyo maana jeni linaloua likiwa mara mbili halikutoweka: likiwa moja linaokoa. Nadharia ya Darwin na hesabu za Mendel zilikutana katika damu ya watu wa kwetu, na huo ni miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kabisa wa uteuzi asilia kwa binadamu.

Nilimwambia mama yule kwamba jambo hilo lingestahili chumba kizima katika nyumba ile, maana linajibu swali lililomtesa mwenye nyumba kama baba. Bado naamini hivyo. Na shuleni kwetu tulifundishwa mageuko kwa picha ya nyani anayesimama taratibu, wakati mfano ulio hai umejaa katika wodi zetu za watoto. Kwa hilo nina hasira.

Aliniuliza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia siku hizi anapata dawa, na anahudhuria shule kuliko mwaka jana. Akauliza kama wazazi wake walipima kabla ya kuoana. Hawakupima, hakuna aliyewaambia. Lakini mdogo wetu wa mwisho anaolewa mwakani, na yeye na mchumba wake wamekwisha kupima.