Gimleti ya ndimu za mwambao: kazi yote iko kwenye shira

Gimleti ni kokteli ya gini na ndimu iliyotiwa sukari, basi. Haina mvinyo wa pili, haina povu la yai, wala haihitaji matunda yaliyopangwa ukingoni mwa glasi, na kwa kuwa vitu vyake ni vichache kiasi hicho, kila kimoja hujitokeza mdomoni bila pa kujificha. Ndiyo sababu naipenda kuliko kokteli nyingine zote za gini ninazozijua. Maelezo mengi yanayosambaa siku hizi humwambia msomaji akamue ndimu, aongeze maji ya sukari, atikise pamoja na gini, kisha akiite kinywaji hicho gimleti. Kinachopatikana ni kitamu, nami sina ugomvi nacho, lakini ni kinywaji kingine. Gimleti ilizaliwa kutokana na ndimu iliyohifadhiwa, na ladha yake ya asili, yaani ule uchungu mwembamba wa ganda pamoja na utamu mzito unaobaki ulimini, hutoka kwenye shira ya ndimu iliyopewa muda wa kuiva. Anayetaka kuitengeneza nyumbani na aanze na shira, kwa maana hatua zinazofuata hazichukui hata dakika tano.

Chanzo cha yote haya ni ugonjwa. Mabaharia waliokaa baharini miezi mingi bila matunda wala mboga mbichi walishikwa na kiseyeye: fizi zilivimba na kutoka damu, meno yalilegea, vidonda vilivyokwisha kupona vilifunguka upya, na wengi walikufa. Sisi watu wa mwambao tumo katika historia hiyo mapema sana. Merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa mwezi wa Aprili 1498 zikiwa na wagonjwa, mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, na shajara iliyoandikwa katika safari ile inasema wagonjwa wao walipona hapo, ingawa mwandishi wake alitoa sifa zote kwa hewa nzuri ya mji na hakuyataja matunda kuwa ndiyo dawa. Januari 1499, baada ya karibu miezi mitatu ya kuvuka bahari kutoka India huku wenzao wakifa njiani, walifika Malindi, na safari hii waliomba wenyewe waletewe machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Kwa hiyo yalikuwepo mashamba ya pwani yetu yenye tiba ya kiseyeye karibu miaka 250 kabla ya daktari yeyote wa Ulaya kuipima.

Aliyeipima ni James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye mwaka 1747 ndani ya merikebu iliyoitwa Salisbury aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, akaipa kila jozi tiba yake: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine vitu vingine, na wawili wakapewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Matunda yaliisha baada ya siku sita, lakini wawili hao walikuwa wamepata nafuu kuwashinda wenzao wote. Hata hivyo, jeshi lile lilichukua muda mrefu kukubali, na ilikuwa mwaka 1795 tu ndipo maji ya malimau yalipoanza kugawiwa rasmi. Katika karne ya 19 malimau ya Mediterania yaliachwa, zikachukuliwa ndimu za Karibi kwa kuwa zililimwa katika makoloni ya Waingereza wenyewe, na hapo tiba ilipungua nguvu kwa sababu ndimu ina vitamini C kidogo kuliko limau. Kwa mgonjwa wa kiseyeye hiyo ilikuwa hasara. Kwa gimleti ndiyo ilikuwa mwanzo.

Tatizo lililobaki lilikuwa kuhifadhi maji ya ndimu yasiharibike ndani ya pipa. Kabla ya hapo yalichanganywa na pombe kali ili yadumu. Mwaka 1867 Lauchlan Rose, mfanyabiashara wa Leith huko Uskoti, alisajili njia ya kuyahifadhi bila pombe, kwa kutumia sukari, na mwaka huohuo sheria ya Uingereza ikazitaka meli za biashara ziwape mabaharia wake mgao wa maji ya ndimu au limau. Biashara yake ilikua hadi kampuni ikanunua mashamba yake yenyewe katika kisiwa cha Dominica mwaka 1893. Mabaharia wa kawaida walikuwa na mgao wao wa ramu, ila maofisa walipendelea gini, hasa ile ya mji wa bandari wa Plymouth, inayotengenezwa huko tangu 1793. Gini ilikuwepo mezani, shira ya ndimu ilikuwepo mezani, na watu wakazichanganya. Kanuni za kokteli zilizochapishwa miaka ya 1920 zinaagiza nusu ya gini na nusu ya shira, kipimo ambacho kwa kinywa changu kina sukari kupita kiasi, lakini kinaonyesha wazi kwamba shira haikuwa kikolezo cha pembeni.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba ndimu ya Karibi na ndimu yetu ni mti mmoja. Ni ile ndogo ya mviringo, yenye ganda jembamba, mbegu nyingi na harufu inayokufikia kabla hujaipasua, ambayo wataalamu wa mimea huiita Citrus aurantifolia. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia, na imeota katika nyua za pwani yetu kwa karne nyingi. Ile kubwa isiyo na mbegu, inayouzwa katika maduka makubwa ya mijini, ni aina nyingine; ina maji mengi na harufu pungufu. Msomaji wa London au Chicago hulazimika kuitafuta ndimu ndogo kwa shida, ilhali wa Tanga, Lamu au Unguja hununua fungu zima sokoni. Tena pwani tunayo elimu ya kuhifadhi ndimu kwa kuzipasua, kuzishindilia chumvi na kuzianika juani hadi ziwe achari. Rose alifanya kwa sukari kile ambacho jikoni mwetu hufanywa kwa chumvi.

Sasa shira yenyewe. Chagua ndimu 10 hadi 12 zilizoanza kugeuka manjano, kwa kuwa zile za kijani kibichi huwa na maji kidogo na ganda kali mno. Zioshe vizuri na uzikaushe kabisa. Ganda la ndimu ndogo ni jembamba kiasi kwamba kisu cha kumenyea huchukua na ile nyama nyeupe ya chini, nayo ndiyo yenye uchungu usiopendeza. Kwa hiyo mimi hutumia upande wenye matundu madogo wa kikwaruzo, nikipitisha kila ndimu kwa mkono mwepesi na kuizungusha mara rangi yake inapoondoka. Kwaruza ndimu nane tu. Changanya makwaruzo hayo na gramu 200 za sukari nyeupe kwenye bakuli la kioo, kisha uyafikiche kwa vidole mpaka sukari ilowe na kugeuka kijani hafifu. Funika, uache mezani saa nne au zaidi. Katika muda huo sukari huvuta mafuta ya harufu yaliyomo ndani ya ganda, na mafuta hayo ndiyo yanayoitofautisha gimleti na maji matamu ya ndimu yaliyotiwa kileo. Sukari ya kahawia ni nzuri kwa mambo mengi, ila hapa huleta ladha ya miwa inayofunika harufu ya ganda.

Baada ya hapo kamua ndimu zote mpaka upate mililita 200 za maji, ukianza kwa kuziviringisha chini ya kiganja ili zilegee, nawe usizibane hadi tone la mwisho kwa sababu mbegu na ngozi za ndani hutoa uchungu. Mimina maji hayo juu ya sukari, ukoroge polepole mpaka sukari yote iyeyuke. Usiibandike motoni. Najua shira ya kaimati hupikwa, na kishawishi cha kuharakisha kazi kwa moto ni kikubwa, lakini joto huifukuza harufu ya ndimu mbichi na kuacha ladha iliyochoka, kama ya peremende. Sukari itayeyuka yenyewe kwa dakika 10 za subira. Funika tena, weka ndani ya friji usiku kucha, na asubuhi uchuje kwa kitambaa safi cha pamba au kichungi cha chai chenye matundu madogo. Utapata shira ya takriban mililita 300, nzito kidogo, yenye ukungu wa kijani. Ndani ya chupa iliyochemshwa na kukaushwa hukaa friji kwa wiki mbili bila kupoteza ubora, na kijiko kimoja cha gini kikiongezwa huisaidia.

Kuhusu gini sina mengi. Gini ni kileo kilichokolezwa kwa tunda la junipa, mti wa jamii moja na mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya, na huko Nairobi hutengenezwa gini iitwayo Procera ambayo hutumia tunda la mtarakwa huohuo. Kwa gimleti tafuta gini ya mtindo wa kikavu wa London, yaani isiyotiwa utamu, au ya Plymouth, yenye nguvu ya asilimia 40 hadi 47, kwa kuwa gini dhaifu hupotea ndani ya sukari. Gini zilizotiwa rangi na ladha za matunda hazina nafasi hapa. Wapo wanaouliza kama Konyagi au Waragi ya Uganda yafaa. Kinywaji kitakachopatikana kitanyweka vizuri, ila mimi huikosa harufu ya junipa, ambayo ndiyo mwenzi wa kweli wa ganda la ndimu.

Kipimo ninachokitumia kwa glasi moja ni mililita 60 za gini, mililita 25 za shira na mililita 10 za maji ya ndimu yaliyokamuliwa wakati huohuo. Asiye na kipimo cha kokteli achukue vijiko vinne vya chakula vya gini, kijiko kimoja cha chakula na viwili vya chai vya shira, na vijiko viwili vya chai vya ndimu. Hicho kiasi kidogo cha ndimu mbichi hakikuwemo katika kanuni za zamani. Nimekiongeza kwa sababu kinaichangamsha shira, na kwa sababu nimepunguza sukari ya zamani karibu kwa nusu.

Barafu ndiyo kiungo ambacho watu hukisahau. Ganda maji safi yaliyochemshwa, katika vipande vikubwa, mahali ambapo hapana samaki wala nyama, kwa kuwa barafu hunasa harufu za jirani zake. Itoe wakati ule unapoihitaji, hasa katika joto la pwani, maana barafu iliyokwisha kulowa huongeza maji mengi kabla haijapoza chochote. Weka glasi ndogo yenye shina ndani ya friza robo saa kabla. Kisha tia gini, shira na ndimu katika chombo cha kutikisia, au katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko kisichovuja, jaza barafu, utikise kwa nguvu sekunde 12 mpaka nje ya chombo ifanye ukungu na mkono uanze kuuma kwa baridi. Kutikisa hakupozi tu. Barafu inapoyeyuka huongeza maji yanayokaribia robo ya mchanganyiko, nayo ni sehemu halali ya kinywaji, kwa sababu bila hayo pombe hukwaruza koo. Ndiyo maana siiweki gini kwenye friza: ikiwa baridi mno, barafu haiyeyuki ya kutosha. Chuja kwenye glasi, bila barafu, na unywe ikiwa bado baridi sana.

Onja kabla ya kuhukumu, maana ndimu hazifanani. Baada ya mvua huwa na maji mengi na ukali mdogo, nazo za kiangazi huweza kukunja uso. Ongeza au punguza ile ndimu mbichi na uiache shira kama ilivyo. Wageni wasiokunywa pombe nawamiminia vijiko viwili vya chakula vya shira hiyohiyo juu ya barafu, kisha najaza maji ya soda, na mara nyingi chupa humalizwa na hao.

Ukialika watu, usisimame jikoni ukitikisa glasi moja moja. Kwa watu wanne changanya ndani ya chupa ya nusu lita mililita 240 za gini, 100 za shira, 40 za maji ya ndimu na 100 za maji safi ya kunywa, ambayo hushika nafasi ya barafu iliyoyeyuka. Iweke friza saa mbili, uitikise kidogo, na umimine moja kwa moja kwenye glasi zilizopozwa. Maji ya ndimu yatiwe siku ileile ya karamu, kwani yakilala hupoteza ukali wake. Vingine vyote vinaweza kuchanganywa tangu jana yake.