Pagale la Mangamba

Mdogo wangu wa Masasi kanitumia ujumbe mwezi Julai 2025: "Dada, Benki Kuu imeshusha riba. Tumalizie lile pagale?" Ni kweli, mwezi huo riba ya Benki Kuu ilitoka asilimia 6 hadi 5.75. Nikacheka peke yangu kwenye bajaji.

Pagale lenyewe liko Mangamba, hapa Mtwara. Vyumba sita, kila kimoja na choo chake, ukuta umeishia kwenye renta, na chumba cha tatu kimeota mpera. Nililianza 2013, Mtwara nzima ikiongea gesi. Dalali wa Shangani alikuwa anatembea na kodi ya mwaka mfukoni akitafuta nyumba, mimi mwalimu wa sekondari nikajiona nimechelewa.

Benki, afisa mikopo akaangalia mshahara wangu, akasema, "Mwalimu, kwa makato haya hubaki na theluthi." Sheria inataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara. Akanipa nusu ya nilichoomba. Niliondoka nimenuna. Kumbe Oktoba ya mwaka huohuo, huko New Zealand, benki kuu yao iliziambia benki kwamba wanunuzi wa nyumba wenye akiba chini ya asilimia 20 ya bei wasipate zaidi ya asilimia 10 ya mikopo mipya. Walifanya hivyo makusudi, bei za nyumba zisije zikapaa halafu zikaanguka na benki. Theluthi yetu haikutungwa kwa ajili ya bei za nyumba, ila kwangu ilikuwa breki ileile.

Breki ya mlango mmoja, lakini. Mimi nikapita dirishani, kwa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani. Nikamwachia kadi ya benki na namba ya siri (ndiyo, namba ya siri, mwalimu wa hesabu mimi). Riba yake ni ya mwezi, siyo ya mwaka. Sheria ya kuwaweka watu kama yeye chini ya leseni ya Benki Kuu ilikuja 2018, na mimi nilishakaushwa.

Mwishoni mwa 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka, wageni wa gesi wakapungua, Shangani zikaanza kuning'inia karatasi za "nyumba inapangishwa". Mwaka 2017 Benki Kuu ikashusha riba inayotumia kuzikopesha benki kutoka asilimia 16 hadi 12, kisha 9. Nikarudi benki na matumaini. Nao walikuwa wamelemewa na mikopo chechefu, ile isiyolipwa, hawana hamu ya mtu mwenye pagale.

Halafu ikaja 2018. Minada ya korosho ikakwama, Serikali ikanunua kwa shilingi 3,300 kilo, malipo yakachelewa. Muuza bati wa Chikongola aliniambia anauza misumari tu. Huku kwetu fedha ikikazwa hukazwa hivyo, na wala hakuna tangazo la kamati ya Benki Kuu.

Hiyo 5.75 inaanzia kwenye benki kukopeshana zenyewe kwa siku saba. Mpaka ifike Mangamba, kwenye kiwanja kisicho na hati, mpera utakuwa umezaa. Mkopo wa nyumba bado uko juu ya asilimia kumi.

Nikamjibu mdogo wangu kwa swali: mikorosho ya baba mmeshaipuliza salfa mara ngapi?