Wazee gani?

Siku nne zimepita na bado limenikwama. Jumapili usiku, tarehe 18 Februari 2007, nilikuwa naangalia trela ya Wild Hogs, mara ya sita hivi, ile filamu niliyoanza kuwasumbua nayo tangu mwezi uliopita, majamaa wanne wa Cincinnati wamechoshwa na maisha, wanawasha mapikipiki safari mpaka bahari ya Pasifiki. Nacheka peke yangu, maana yule William H. Macy haishi kuanguka. Kitinda mimba wangu akaja kusimama nyuma ya kiti.

"Kwani wazee wanaruhusiwa kupanda hizo?"

"Wazee gani?"

"Si hao." Akaniangalia, halafu taratibu, "Hao hao."

Akaenda zake kunywa maji! Angesema "kama wewe" ningejua pa kuanzia. Lakini "hao hao" unaijibu vipi? Na "si hao" si ilishatosha jamani?

Basi nimekesha nahesabu umri wa waigizaji wake wanne. Macy 56. Tim Allen 53. Travolta katimiza 53 Jumapili hiyohiyo. Martin Lawrence ndo 41. Mimi 46, yaani kati ya wanne watatu ni kaka zangu, na nilienda kumwambia hivyo asubuhi kabla hata sijanawa uso, nikamkuta anafunga viatu, akasema "sawa baba" kwa ile sauti anayomsemeshea bibi yake.

Kazini wamenihamisha kitengo na gari limepata mteja hatimaye, hayo siku nyingine.

Jana nikafunua turubai la pikipiki. Nisiwadanganye, betri imekufa, na kuipandisha kwenye stendi goti lilianza kulia kabla ya chuma. Nikaikalia tu gizani, haijawaka, nimeshika usukani kama mtoto, nikaanza kujicheka mwenyewe. Kumbe yupo mlangoni. Hakuuliza kitu, akapanda nyuma akanishika kiuno kama enzi zile nampeleka chekechea, sema sasa mikono inazunguka yote na kubaki. Akasema filamu ikifika huku tutaenda wote, ila lile jaketi la ngozi nisivae, halifungi.

Kweli halifungi.

Marekani inatoka Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 2 Machi. Nahesabu.

Ila mama hajapiga simu, na Jumatano yeye hakosi. Nimempigia mara mbili tangu asubuhi, inaita tu.