Kero ya barabara, jibu la nani?

Saa 12 asubuhi mwaloni Kibirizi, mjini Kigoma, redio inasikika kabla hujamwona anayeisikiliza. Akina mama wanatandaza dagaa, mikono yote miwili ina kazi, na simu ndogo ya batani imelazwa juu ya beseni ikisema. Hao ndio wenye kipindi cha redio cha asubuhi, kile ambacho wananchi hupiga simu kueleza kero zao. Hawaangalii skrini, hawasomi gazeti, lakini neno la mwenyekiti wa mtaa au la mkurugenzi likitamkwa vibaya wanalidaka palepale.

Ndiyo maana inauma kusikia mpigaji akisema barabara ya mtaa wake imekatika, mtangazaji akajibu "wahusika wamesikia," kisha muziki ukapigwa. Wahusika gani? Hakuna aliyetajwa, kwa hiyo hakuna mwenye deni la kujibu. Kero isiyokabidhiwa kwa ofisi moja yenye jina hurudi hewani wiki ijayo vilevile ilivyokuwa.

Kazi ya kwanza ya mtayarishaji, kwa hiyo, ni kujua nini ni cha nani. Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya Kigoma kwenda Kasulu, ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya, mitaa na vijiji ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Diwani akisema "hiyo si yangu, ni ya TARURA," wasikilizaji hudhani anakwepa, kumbe kwa upande wa matengenezo anasema kweli. Swali sahihi kwake ni jingine: umeipeleka barabara hii kwenye kikao gani, na kiliamua nini? Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka, na kila kikao kina muhtasari. Swali hilo halina pa kukimbilia.

Maji nayo yana mipaka yake. Ndani ya Kigoma Ujiji mhusika ni KUWASA, mamlaka ya maji ya mji. Vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, na mradi wenyewe huendeshwa na chombo cha watumiaji maji cha pale kijijini. Taka na masoko ni ya halmashauri. Leseni za wavuvi unaulizia halmashauri, lakini uamuzi wa kufunga ziwa ni wa wizara. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kumbana afisa uvuvi wa wilaya kuhusu uamuzi wenyewe kungekuwa kupoteza dakika. Yeye angeulizwa doria, na wavuvi wanaishi vipi kwa miezi mitatu hiyo.

Kipindi kizuri cha asubuhi hutengenezwa jioni iliyotangulia. Saa 10 alasiri mada iwe imeshachaguliwa, mgeni amethibitisha, na kuna mgeni wa akiba. Ofisi za halmashauri zipitie kwa afisa habari, kwa sababu mkuu wa idara hawezi kusema bila ruhusa ya mkurugenzi. Ukimpigia mkuu wa idara moja kwa moja saa 2 usiku atakubali kwa heshima, na asubuhi simu itakuwa imezimwa. Barua ifike siku 3 kabla, ikiwa na maswali 4 au 5 ya msingi. Wapo wanaoona kupeleka maswali mapema ni kujisalimisha. Sioni hivyo. Mhandisi aliyepewa swali mapema huja na urefu wa barabara na jina la mkandarasi, asiyepewa huja na "tunalifanyia kazi." Ofisi ikigoma kutoa takwimu, andika ombi rasmi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa siku 30 kujibu. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Sasa simu, maana hapa ndipo vipindi vingi vinapoharibikia.

Piga hesabu ya saa moja. Habari dakika 5, matangazo ya biashara 10, mazungumzo na mgeni 15. Zinabaki 30. Mpigaji mmoja dakika moja na nusu, jibu dakika 2, kwa hiyo ni watu 8, wala si 20. Kwa kuwa ni 8 tu, wachujwe kabla ya kuingia hewani. Anayepokea simu chumba cha pili aulize: jina, mtaa, tatizo ni nini, tangu lini, umeshakwenda ofisi gani na ukajibiwa nini. Nusu dakika inatosha. Anayebipu apigiwe, mwenye kero kubwa mara nyingi ndiye asiye na vocha.

Tuseme mtu anapiga kutoka Gungu: "Maji hayatoki." Hiyo bado si kero, ni mwanzo wake. Ni kwako peke yako au mtaa mzima? Kama ni nyumba moja, pengine ni mita au deni, na hilo linamalizwa ofisini bila kwenda hewani. Kama ni mtaa mzima, uliza umeme ulikatika lini. Maji ya mji husukumwa kwa pampu kutoka ziwani. Pampu ikisimama, sehemu za mwinuko hukauka mapema na ndizo za mwisho kupata maji yakirudi. Mpigaji anayesema "mtaa mzima, siku ya nne, umeme upo, na bonde la chini wanapata" amempa mgeni wa mamlaka ya maji swali ambalo halijibiki kwa maneno matupu.

Upande wa mitambo, stesheni ndogo nyingi huunganisha simu ya kawaida kwenye miksa, mtambo wa kuchanganya sauti. Inafanya kazi, ila ina mitego. Ukimrudishia mpigaji sauti yote ya miksa, atajisikia mwenyewe kwa kuchelewa kidogo, na mtu anayesikia mwangwi wake hawezi kumaliza sentensi. Sauti ya kumrudishia itoke kwenye njia ya AUX, ile ya pembeni unayoichagulia sauti za kupita: humo fungua maiki ya mtangazaji na ya mgeni, funga kabisa ile ya simu. Kitasa cha AUX kianzie karibu na sifuri, kwa maana tundu la maiki la simu limetengenezwa kwa sauti ndogo sana, na ukilizidishia mpigaji atasikia sauti yako imepasuka. Simu nyingine zote zikae mita moja au zaidi kutoka kwenye waya za maiki, vinginevyo utasikia ule mkwaruzo unaotangulia simu kuita. Na kabla ya kumfungulia mtu, mwambie azime redio yake au atoke nje. Ule mluzi mkali unaokera masikio hutokana na redio iliyo karibu naye.

Kifaa cha kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache ni ghali, wengi hawana. Basi kidole cha fundi kisitoke kwenye kitasa cha simu. Mpigaji akianza kumtaja mtu kwa wizi au uchawi, shusha, kisha mtangazaji aseme wazi kwamba tuhuma hiyo haijathibitishwa na anayetajwa ana nafasi ya kujibu. Kanuni za Maudhui ya Redio na Televisheni za 2018 zinaibana stesheni, hazimbani mpigaji pekee, na Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inaweza kutoza faini au kufungia kipindi. Sauti za WhatsApp nazo zisikilizwe hadi mwisho kabla ya kurushwa. Sauti ya mafuriko ya mwaka mwingine, mkoa mwingine, huzunguka kila masika.

Siasa za hapa hazijawahi kupoa. Mwaka 2015 chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo kilichukua halmashauri ya Kigoma Ujiji, na tangu hapo msikilizaji anahesabu dakika za kila chama. Nawe zihesabu, kwa saa ya ukutani, uziandike. Mgeni wa chama kimoja akija Jumanne, mwaliko wa chama kingine uwe umeshatumwa kabla ya Jumatatu.

Kalenda nayo ina siri zake. Mada ya barabara ipeleke Novemba na Desemba, mapendekezo ya bajeti yakiwa bado mezani. Bunge la bajeti linapoanza Aprili, rasimu ya halmashauri imeshapita kwa madiwani. Mada ya wavuvi iweke wiki ya mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wako nchi kavu, wamelala vizuri, na wana muda wa kupiga simu.

Na mezani kuwe na daftari moja la ahadi: tarehe, jina na cheo, alichoahidi, siku aliyoitaja mwenyewe. Siku hiyo ikifika, mpigieni hewani saa 1 na nusu asubuhi, mkianza kwa kumsomea maneno yake.