Uji Mwekundu wa Falun

Jana asubuhi uji wa ulezi ulifurika, ukamwagikia jiko. Harufu ile ya nafaka iliyoungulia kwenye chuma cha moto ikanirudisha Dalarna, jimbo la Uswidi, kwenye ua wa mzee mmoja, siku tuliyopika rangi.

Ndiyo, tuliipika. Ile rangi nyekundu ya nyumba za mashambani Uswidi, yenye pembe nyeupe na fremu nyeupe za madirisha, asili yake ni uji. Hupikwa kwenye pipa juu ya kuni, na mtu aliyezoea mwiko ameshajua nusu ya kazi kabla hajafika.

Safari yenyewe naipita. Treni kutoka Stockholm, usiku mmoja mjini Falun, asubuhi mgodini. Mgodi huo wa shaba unatajwa kwenye hati ya mwaka 1288, askofu wa Västerås alipojipatia sehemu yake ya nane, na ulifungwa mwaka 1992. Shimo kuu lina kina cha karibu mita 95. Liliporomoka mwaka 1687 siku ya Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi, wachimbaji wakiwa mapumzikoni, na hakufa mtu. Anayetaka kushuka abebe sweta hata Julai, maana chini mle ni nyuzi 5 au 6 kiangazi na kipupwe. Avae viatu ambavyo hatavionea uchungu pia, kwa sababu maji yanayodondoka yamebeba kutu.

Chini mle, kwenye mita 67 hivi, ndiko tulikosimuliwa habari za Mats Israelsson. Alipotelea mgodini mwaka 1677. Mwaka 1719 wachimbaji walikuta maiti ya kijana kwenye maji ya handaki la zamani, mwili mzima, uso hauna hata dalili ya kuoza. Wakamtoa nje, na hakuna aliyemjua. Wangemjuaje? Wa rika lake walikuwa wazee au wamekufa. Kisha akaja bibi kizee, Margareta Olsdotter, akamtazama, akasema huyu alikuwa mchumba wangu. Miaka 42 ilikuwa imepita juu yake yeye peke yake.

Kilichomhifadhi Mats ni vitrioli, chumvi inayotoka kwenye mawe ya madini ya salfa yanapokutana na maji na hewa. Kesho yake, uani kwa mzee, niliiona chumvi hiyo kwa macho. Alifungua ndoo, ndani mna fuwele za kijani kibichi hafifu. Nikakumbuka mrututu. Aliyekulia kwenye kahawa Kilimanjaro anajua ninachosema: zile fuwele za bluu zilizochanganywa na maji na kunyunyizwa kwenye mibuni. Mrututu ni wa shaba, hii ya kijani ni ya chuma, lakini ni ndugu, na adui yao ni mmoja: kuvu. Kule zilikinga majani ya mbuni, huku zinakinga mbao.

Vipimo vya pipa letu vilikuwa hivi: maji lita 50, vitrioli ya chuma kilo 2, unga wa rai kilo 2 na nusu, poda nyekundu kilo 8, na mafuta ya kitani lita 4. Rai ni nafaka ya jamii ya ngano, na ndiyo mkate wao mweusi. Unga huo ndio gundi. Poda inatoka kwenye vifusi vya mgodi, mawe yenye shaba haba yaliyotupwa na kuachwa yaoze kwa mvua na miaka. Udongo wake huoshwa, hukaushwa, kisha huchomwa. Ukitoka kwenye maji una rangi ya manjano na kahawia, na wekundu unaletwa na moto. Kadiri unavyochomwa ndivyo unavyokolea. Wafalme waliitaka rangi hiyo kwa mapaa ya majumba yao tangu karne ya 16. Wakulima wa kawaida waliifikia kwa wingi karne ya 19.

Maji yalipochemka tukatia vitrioli. Ikayeyuka mara moja, na maji yakageuka kutoka kijani kuwa rangi ya chai iliyolala. Kisha mzee akainua mfuko wa unga na kuanza kuumwaga moja kwa moja. Mabonge yakajitokeza palepale, makubwa kama mayai ya njiwa, yameiva nje na makavu ndani. Bonge la namna hiyo halishiki poda. Likifika ukutani linabaki kidonda, na mvua ya kwanza inaling'oa. Tukayakamua yote kwa chujio. Unga uliobaki tukaukoroga kwanza kwenye ndoo ya maji baridi mpaka ukawa laini, ndipo tukaumimina taratibu, mmoja anamimina na mwingine anazungusha mwiko. Mzee aliuangalia uji ukinyanyuka bila bonge hata moja, akaniuliza, "Kwenu mnapaka nini?" Nikamjibu kwetu tunakunywa.

Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapoganda. Uji wa kijivu unapumua polepole, moshi wa msonobari machoni, harufu ya mkate na ya damu kwa pamoja, maana chuma kilichochemshwa kinanuka damu. Robo saa ya kukoroga. Usipoufikisha uji hapo, wanga haujafunguka, na rangi yako itakuwa vumbi tupu. Kisha mzee akamwaga poda. Wekundu ulizama, ukapotea kabisa, na kwa pumzi moja pipa likabaki la kijivu kana kwamba hatujatia kitu. Halafu mwiko ukageuka, ukapanda kutoka chini, pipa zima likawa jekundu. Nimeona rangi nyingi zikichanganywa. Sijaona nyingine ikija namna ile, kutoka chini.

Robo saa nyingine, mafuta, robo saa ya mwisho. Mafuta hupunguza vumbi, lakini ukiyazidisha rangi inageuka ngozi juu ya ubao, unyevu unanaswa ndani, na ule uhai wa ukuta kupumua umeuua. Wengine hawatii kabisa.

Kupaka kwenyewe kunataka subira. Mbao ziwe za msumeno au za shoka, zisizopigwa randa, kwa kuwa rangi hii inashika kwenye manyoya ya mti. Usiipake juu ya rangi ya plastiki au ya mafuta, itabanduka. Ukuta wa zamani unasuguliwa kwa brashi ngumu kuondoa kilicholegea, basi, hakuna kukwangua. Loanisha ubao kidogo, fuata kivuli na si jua, na maliza ubao mmoja toka mwanzo hadi mwisho kabla ya kushika wa pili, la sivyo maungio yataonekana. Koroga ndoo kila baada ya dakika chache. Poda inazama, na asiyekoroga anaanza na ukuta wa waridi na kumalizia na wa maini. Lita moja inaishia kwenye mita 3 au 4 za mraba. Funika mawe ya msingi, kwa sababu vitrioli ikidondokea jiwe inaacha kutu isiyotoka.

Mats alizikwa kwa mara ya mwisho mwaka 1930, kwenye makaburi ya kanisa la Stora Kopparberg, baada ya kukaa miongo mingi akitazamwa na wageni. Ninamfikiria zaidi Margareta. Sijui kama kumwona tena vile, kijana, kulikuwa kurudishiwa kitu au kunyang'anywa mara ya pili. Nimelipindua jambo hilo mara nyingi na bado halijakaa upande mmoja.

Jioni, banda tulilolipaka likiwa limekauka nusu, mzee alinipeleka upande wa kaskazini wa nyumba yake, ukuta uliopakwa miaka mingi nyuma. Akapitisha kiganja ubaoni, akanionyesha: kiganja chote chekundu, na ubao chini yake mzima. Akajifuta kwenye suruali.

"Huu mwakani," akasema.